Salamu ya Tatu

Kwetu ugonjwa hausemwi kwenye salamu ya kwanza. Ukifika kwenye mji wa mtu, nyumbani kwake, unauliza, "Mhola?", yaani kwema, naye anajibu, "Mhola duhu," kwema tu. Hata kama ndani kuna maiti atajibu hivyohivyo. Unauliza tena, watoto je, ng'ombe je, anajibu vilevile. Ukishakaa, ukapewa maji, ukanywa, ndipo unauliza mara ya tatu kwa sauti ya chini, na hapo mwenyeji anashusha pumzi na kusema, "Kwema, ila..." Habari yote iko kwenye hiyo ila. Mtu asiyejua kungoja ataondoka na mhola yake mdomoni na hajaambiwa kitu.

Wazazi wangu ni Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakashuka Usangu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mji wetu uko bondeni, mwendo wa bodaboda kutoka Chimala, katikati ya mashamba ya mpunga na vumbi la ng'ombe. Mimi nilipelekwa Iringa kusoma, nikabaki hukohuko, nikaolewa na Mhehe, nikazoea baridi na sweta. Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita. Mimi ni mtu wa haraka, na sikatai. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba nilizaliwa njiani kwa sababu sikuwa na subira ya kufika zahanati, kisha anacheka mpaka anajifuta machozi kwa pembe ya kitenge.

Mwaka ule ninaousimulia nilikuwa nafundisha kinga ya mwili. Kuna aina moja ya chembe nyeupe za damu ambayo vitabu vinaiita seli wauaji wa asili. Jina baya kweli kwa kiumbe mwenye utaratibu kama ule. Wanafunzi walikuwa wanakariri majina ya vipokezi vyake kama wanaokariri namba za magari, halafu ukiwauliza seli hiyo inaamuaje nani afe na nani aachwe, kimya. Nikachoka kupiga kelele. Nikaweka chaki chini, nikawaambia habari za baba yangu.

Baba ni sungusungu. Ndio wale walinzi wa kijiji, wanaozunguka na filimbi na fimbo kulinda mifugo. Tangu nikiwa mdogo nilimsikia akiwafundisha vijana namna ya kupita kwenye miji ya watu. Unafika nje ya boma, unasalimia. Mwenyewe akijibu kwa sauti mnayoijua, mnapita, hata kama hamumpendi. Asipojibu, mnasimama. Lakini kutojibu peke yake hakutoshi kuvunja mlango, maana huenda mtu amesafiri, huenda amelewa. Mnategea sikio jambo la pili: ndama analia ovyo, mbwa anabweka kwa uchungu, mwanamke anapiga mwano, ule ukelele wetu wa kuomba msaada. Hakuna salamu na kuna mwano, hapo mnaingia, na baba alikuwa hamalizii sentensi hiyo mbele ya watoto.

"Sasa jamani," nikawaambia wanafunzi, "ndiyo hivyohivyo." Kila seli ya mwili wako imevaa kitambulisho juu ya ngozi yake. Yule mlinzi anapita akiigusa seli moja baada ya nyingine. Mkono mmoja unapapasa kitambulisho, na ukikikuta unatulia, unamzuia mwenyewe asiue. Mkono wa pili unatafuta dalili za dhiki, vitu ambavyo seli huvitoa nje ikiingiwa na virusi au ikianza kuharibika. Mikono yote miwili inaongea kwa wakati mmoja, mmoja unasema acha, mwingine unasema ua, na utakaofuatwa ni ule wenye nguvu zaidi. Kitambulisho kikikosekana na dhiki ikazidi, mlinzi anaitoboa ile seli na kuingiza ndani kitu kinachoifanya ijiue yenyewe. Walielewa. Siku hiyo nilitoka darasani nimejaa kiburi mpaka shingoni, nikampigia mama simu kumweleza kwamba nimemfanya mume wake kuwa somo la kidato cha sita.

"Na wewe hujambo, mama?"

"Mhola duhu, mwanangu. Ng'ombe wazima. Baba yako anakohoa tu, ugoro."

Tukaagana.

Likizo ilipofika nilishuka Usangu kusaidia mavuno. Mama alikuwa anapeta mpunga uani, na nikaona anapeta vibaya. Mwanamke huyu alikuwa anaweza kurusha ungo na makapi yakaondoka yenyewe bila upepo, sasa anautikisa mapajani kama mtoto anayejifunza. Mkono wa kushoto haukupanda juu ya kiuno.

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu."

"Mama, mkono una nini?"

"Ala! Umekuja kuvuna au umekuja kukagua?"

Nilimshika bega, nikamvuta ndani, na kwa haraka yangu ileile niliyozaliwa nayo nikafungua blauzi yake. Titi la kushoto lilikuwa gumu kama kiazi, ngozi imevutwa ndani, na pembeni pamechimbika kidonda kilichofunikwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa vizuri. Kwapani kulikuwa na vinundu. Nilikaa kitandani kwake. Nilijua ninachokiona, na nilijua kwamba kimekaa hapo muda mrefu.

Nikafoka. Sitajitetea, nilifoka. Mama alikuwa anakwenda kliniki ya presha kila mwezi, hakosi, mvua inyeshe jua liwake. Anapanda bodaboda, anapanga foleni, anafungwa ule mkanda wa mkono, anapewa vidonge. Mwezi hadi mwezi alikaa mbele ya mtu mwenye koti jeupe, na kidonda kiko pale chini ya kitenge, upana wa kiganja kutoka kwenye mkanda wa presha.

"Kwa nini hukumwambia daktari?"

"Hakuniuliza."

"Anakuuliza kila mwezi! Anakuuliza, mama unaendeleaje, nawe mwenyewe umeniambia ni kijana mwenye heshima."

"Ananisalimia," mama akasema. "Ni kijana mzuri, ananisalimia, nami namjibu salama. Halafu nangoja. Anaandika, anamwita mwingine." Alikuwa anafunga vifungo vya blauzi kwa mkono mmoja, polepole. "Ningeanzaje, mwanangu? Mtu hajamaliza kukusalimia, umvulie nguo?"

Nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye zizi tupu. Nilitaka kumchukia yule kijana wa kliniki nikashindwa, maana foleni yake inaanzia mlangoni inafika barabarani na hana muda wa kumsalimia mtu mara tatu. Nilitaka kumchukia mama nikashindwa zaidi. Nililia nikiwa nimeshika nguzo ya zizi, na baba aliyenikuta hapo alisimama tu upande wa pili wa nguzo.

Tulimpeleka Mbeya, hospitali kubwa. Mvua za Mbeya huwa hazina haya, zinaanza asubuhi na hazisemi zitaacha lini, na mama ambaye hakuwahi kuishi nje ya joto la bonde alikuwa anatetemeka ndani ya mablanketi mawili. Daktari wetu alikuwa mama wa Kinyakyusa, mnene, mwenye sauti ya kwaya. Walichukua kipande cha nyama wakakipeleka maabara, tukaambiwa tusubiri majibu.

Kuna kitu kimoja nilikuwa nakiomba katika majibu yale, na nilikiomba usiku na mchana, nikipika uji, nikifua, nikiwa kanisani kwa wenyeji. Nilikuwa nimesoma kwamba baadhi ya saratani za titi zina mahali pa kushikia juu ya seli zake, kama kishikio cha sufuria. Ziko dawa zinazokwenda kunasa hapo, na zikinasa zinaacha mkia nje. Yule mlinzi wa asili ana kipokezi cha kuushika mkia huo, na akiushika anaamka kabisa. Hata kama seli mbaya imevaa kitambulisho chake, anaiua. Hicho ndicho nilichokuwa nakiomba. Sikumwomba Mungu amponye mama kwa muujiza, nilimwomba kishikio cha sufuria.

Daktari aliniita peke yangu. Alinisalimia, akaniuliza habari za Iringa, akaniuliza ninafundisha nini. Nikamjibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa natazama karatasi iliyokuwa mezani.

"Haina pa kushika, mwalimu," akasema. "Na imeshafika kwenye mapafu. Tutampa dawa za kawaida za kupunguza kasi. Lakini sitakudanganya."

"Ndaga," nikamwambia, ahsante ya kwao, kwa sababu ndilo neno pekee lililokuja. Nilitoka, nikapita wodini moja kwa moja bila kumtazama mama, nikaenda kusimama kwenye bomba la maji nikanawa uso mara nyingi kuliko ulivyohitaji.

Zile dawa zilimtoa nywele, zikamtoa na hamu ya kula. Baba alikuwa anakuja kutoka Chimala na kibuyu cha maziwa mgando amekifunga kwenye kanga ya mama mwenyewe, na mama anaonja kijiko kimoja ili asimvunje moyo. Wauguzi walimpenda. Walikuwa wanasema bibi huyu hasumbui, ukimpitia asubuhi anasema salama, mchana salama, jioni salama. Kwenye chati yake palikuwa pameandikwa kwamba hana maumivu, na akawa anapewa vile vidonge vyeupe ambavyo hata mimi nameza nikiumwa kichwa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Niliona alama za meno kwenye pembe ya shuka.

Basi siku moja daktari alipopita na kundi lake la wanafunzi, akasimama mguuni pa kitanda na kuuliza, "Mama, waonaje leo?"

"Salama, daktari."

Akageuka kwenda kitanda cha jirani. Na mimi hapo nikamkamata mkono wa koti. Wanafunzi wake walishtuka.

"Muulize tena."

"Nimemuuliza, mwalimu. Umemsikia."

"Umemsalimia. Nakuomba, keti. Muulize nyumbani kwake, muulize ng'ombe. Halafu muulize tena." Sikuuachia mkono wa koti. "Mara ya tatu, dada yangu. Kwetu ni mara ya tatu. Na mimi nikimuuliza atasema salama, kwa sababu mimi ni mtoto wake."

Nilidhani atanifukuza. Alinitazama, akamtazama mama, kisha yule mwanamke mnene akaketi kitandani mpaka kitanda kikalia, akaweka chati kando, akamshika mama mkono ule mzima. Akamuuliza habari za Usangu. Kwema. Mpunga je, mwaka huu umekubali? Umekubali. Na mzee, na ng'ombe? Wazima tu. Wanafunzi wamesimama wanahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.  Kisha daktari akainama na kusema kwa sauti ya chini kabisa, "Na wewe mwenyewe, mama?"

Mama alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibeba tangu mwaka uliopita.

"Kwema, daktari," akasema, "ila naumia. Naumia sana, mwanangu. Kifua kinaungua, na mgongo, siwezi kugeuka. Naomba unisaidie."

Jioni ileile walimletea mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kwenye kikombe kidogo. Alilala. Nilikaa pembeni nikimtazama akilala mdomo wazi, mikunjo ya uso imelegea, na nilimwona alivyokuwa nilipokuwa mtoto. Nililia kwa furaha na kwa hasira pamoja. Alipoamka alikuwa na maneno kuliko siku zote.

"Yule daktari," akasema, "amelelewa."

"Mimi je?"

"Wewe tulikuzaa tu." Akacheka kidogo, akakohoa. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Hao sungusungu wako wa darasani. Baba yako anasema wako ndani ya kila mtu. Mbona mimi hawakuniona?"

Ningeweza kumpoza kwa uongo, lakini mama hakuwa mtu wa kupozwa. Nikamwambia walikuja. Walipita mara nyingi, wakagusa, wakasalimia. Nikamweleza kwamba seli nyingine za ugonjwa huu hazivui kitambulisho, zinabaki nacho, na mlinzi anapopapasa anakikuta, anatulia. Na zile dalili za dhiki ambazo zingepaswa kukaa juu ya seli na kupiga mwano, ugonjwa unazikata na kuzitupa kwenye damu, zinaelea kila mahali. Mlinzi anasikia mwano kutoka kote, hajui mji unakotoka, mpaka mkono wake wa pili unachoka na kuacha kushtuka. Hivyo anasalimia, anajibiwa, anapita.

Mama aligeuza uso dirishani. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Kwa hiyo ugonjwa ulijibu kwa sauti yangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi usiwalaumu. Walisalimia, wakajibiwa vizuri." Akafumba macho. "Na yule kijana wa kliniki usimlaumu."

Alituomba tumrudishe nyumbani, na daktari akaturuhusu, akatupa chupa ya ile dawa na kunifundisha kuipima. Mama alikufa kwake, asubuhi, ng'ombe wakitolewa, akiwa amegeukia upande wa zizi. Hakuumia. Hilo nalishika kwa mikono miwili kila siku, kwamba hakuumia.

Msibani walikuja watu kutoka bonde zima, na Wahehe wakaja na mabasi kutoka Iringa, na kila aliyefika alimwendea baba pale alipokaa kwenye mkeka. Mhola? Mhola duhu. Kaburi limeshachimbwa, udongo unaonekana kutoka pale alipoketi, naye anajibu kwema tu, kwema tu, mpaka mtu akishakaa ndipo anasema, kwema, ila mwenzangu ameniacha. Shangazi mmoja, akisonga ugali pamoja nasi, alitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo maana wakasema, mficha maradhi kilio humuumbua." Mwiko ulinitoka mkononi. Nilimwambia, mbele ya wanawake wote, kwamba mama yangu hakuficha kitu. Alisalimiwa, akajibu, akangoja. Alingoja mwaka mzima. Wakanishika wakanitoa nje, wakisema uchungu umenipanda kichwani, na shangazi akaendelea kusonga.

Nilirudi Iringa. Muhula ulifika kwenye mada ileile, nikasimama na chaki, nikafundisha mkono wa kuzuia na mkono wa kuamsha, na baba na filimbi yake. Msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na mlinzi akidanganywa?" Nikamwambia aandike kwanza, maswali baadaye, kisha nikatoka nikasimama nyuma ya maabara kwenye ule upepo wa Iringa mpaka kengele ilipolia.

Jumapili nampigia baba simu. Siku za mwanzo nilikuwa nauliza mara moja, ananijibu mhola duhu, mtandao unakatakata, tunaagana, na ninakaa na simu mkononi nikijua kuna kitu nimeacha. Juzi nilikaa chini kwanza. Nikamwomba mume wangu azime redio.

"Mhola, baba?"

"Mhola duhu."

"Ng'ombe je?"

"Wazima. Yule mwekundu amezaa."

"Majirani?"

"Wapo. Wanakusalimu."

Nikangoja. Nilisikia kuku kwake, na mtu mbali akiita mbwa. Nikateremsha sauti kama nilivyomwona daktari akifanya.

"Na wewe mwenyewe, baba?"

Alishusha pumzi.

"Kwema," akasema, "ila sijui kulala, mwanangu. Bado nalala upande wangu tu. Njoo."